Santuri ya Dansi Inasumbua? Hesabu Kwanza, Osha Baadaye

Wiki haipiti hapa Ng'ambo, Tabora, bila mtu kunigongea mlango na sahani ya santuri iliyofungwa kwenye kanga au gazeti. Maneno ni yale yale: "Fundi, hii imekufa, lakini ilikuwa ya marehemu baba, nashindwa kuitupa." Naipokea, naiweka mezani, namwomba mgeni akae. Nyingi hazijafa. Mara nyingi mgonjwa si sahani, ni mashine iliyompigia mwenyewe jana yake, na sahani inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana ina mikwaruzo.

Nakusanya dansi ya zamani ya pande mbili. Upande mmoja ni bendi kubwa za Marekani na Uingereza za miaka ya 1930 na 1940, zile zenye safu nzima ya tarumbeta, tromboni na saksafoni: Duke Ellington, Benny Goodman, Glenn Miller; na pembeni yao, bila safu hiyo ya shaba, Victor Silvester wa London ambaye muziki wake uliwafundisha watu wengi foxtrot na waltz. Upande wa pili ni wa nyumbani: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Tabora Jazz na Segere Matata yao, Nyanyembe Jazz, na za Kongo zilizovuka ziwa zikaingia Ujiji. Za kwanza ni sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Za nyumbani nyingi ni ndogo, za 45, zilizochapwa Nairobi. Magonjwa yao yanafanana kwa sauti lakini dawa hazifanani, na hapo ndipo watu wanapoharibu.

Kabla sijashika kitambaa nashika saa. Kila kelele ina mpigo wake, na mpigo ndio unaokuambia inatoka wapi. Zima mota kwanza, acha amplifaya ikiwa imewashwa: kelele ikibaki, ni umeme au waya. Washa mota bila kushusha sindano: kelele ikiingia, ni mota au gurudumu. Shusha sindano sasa. Kelele inayorudi mara moja kwa kila mzunguko ni ya sahani. Inayokuja muziki unapopanda tu ni ya sindano au mfereji, ule mstari ambamo sindano hupita. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na imeniokoa kuosha sahani nyingi ambazo hazikuwa na hatia.

Kwanza jua umeshika nini

Sahani za 78 nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa India uitwao laki, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Ni nzito, haipindi, ukiigonga kwa ukucha inalia kama sahani ya kaure. Ukiidondosha, imekwenda. Za 45 na zile kubwa za mizunguko 33 ni plastiki: nyepesi, zinakubali kupinda kidogo, ukizigonga zinatoa sauti butu. Usitegemee mizunguko peke yake kukuambia. Zile 78 ambazo jeshi la Marekani liliwachapia askari wake kati ya 1943 na 1949 nyingi zilikuwa plastiki, zisivunjike njiani.

Tofauti hii ni ya kufa na kupona kwa sababu spiriti inayeyusha laki. Najua kwa kuwa nimefanya. Sahani yangu ya kwanza ya Victor Silvester niliipangusa kwa spiriti kama nilivyozoea kupangusa vichwa vya redio kaseti. Kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi, nikadhani uchafu unatoka. Ulikuwa muziki unatoka. Bado ninayo, imening'inia ukutani, upande mmoja unang'aa kama kiatu kilichopigwa dawa na hautoi noti hata moja.

Kidoko kinachorudi

Tik, tik, tik, hata bendi inyamaze. Chukua saa, hesabu vidoko kwa sekunde 20. Ukipata 26, ni kidoko kimoja kwa kila mzunguko wa 78. Sahani ya 45 itakupa 15, ya 33 itakupa 11. Namba zikilingana, kovu liko kwenye sahani. Zisipolingana, acha sahani, nenda kwenye mashine.

Kovu lenyewe lina sura tatu. Kuna mkwaruzo, ambao utauona ukiinamisha sahani chini ya taa; kidoko chake huanza ghafla na kuisha ghafla, kwa kuwa sindano imeuvuka. Mkwaruzo haufutiki, ila kidoko mara nyingi hupungua ukiosha, kwa sababu nusu ya kelele ni uchafu uliokwama kwenye kidonda. Kuna kitu kilichogandia, tone la nta ya mshumaa au kinyesi cha nzi. Hicho nakitoa kwa kijiti cha kibiriti kilicholainishwa kwa maji, kufuata mfereji, kamwe si kwa kuukata. Na kuna ufa.

Ufa hujificha. Nakuonyesha namna ya kuutafuta: shika sahani kwa ncha za vidole katikati, ining'inie, kisha igonge ukingoni taratibu. Nzima inalia. Yenye ufa inatoa sauti ya chungu kilichopasuka, ile ambayo kila mama anayenunua chungu sokoni anaijua. Ukiukuta, usiiweke tena kwenye gramafoni ya sindano ya chuma. Mkono wake ni mzito na utaupanua. Tafuta pleya yenye mkono mwepesi, piga mara moja huku unarekodi, ndipo ufikirie gundi. Mimi naweka supagluu tone dogo kabisa ukingoni na jingine karibu na lebo, pande zikiwa zimelingana, na siigusi sehemu yenye muziki. Gundi ikiingia mferejini ni kilima, na kilima ni kibaya kuliko bonde. Ndiyo maana hata ufa ambao upande mmoja umeinuka husikika tofauti: sindano ikishuka inagonga kidogo, ikipanda inaruka.

Mngurumo usiokoma

Ukiwa unasikika hata sinia, ile inayobeba na kuzungusha sahani, imesimama, ni umeme. Kagua waya wa erthi kutoka pleya hadi amplifaya. Kwenye pleya nyingi za zamani ni waya mwembamba uliokatika zamani na hakuna aliyekumbuka ulikuwa wa kazi gani. Ukiwa unasikika sinia inapozunguka tu, ni mota au mpira. Mpira uliokauka nitaueleza chini kidogo.

Na kama sauti ni nyembamba, ndogo, haina besi kabisa, hakuna kilichoharibika: umechomeka pleya yenye kichwa cha sumaku kwenye tundu la kaseti. Kichwa hicho kinahitaji tundu la fono au kikuza sauti chake.

Waimbaji wamekuwa wazito kama wana mafua

Hili ndilo linaloniletea wageni wengi siku hizi, kwa kuwa watu wananunua pleya za mtumba kutoka Marekani. Jirani yangu aliagiza moja kupitia ndugu yake Dar, nzuri, ya mbao. Akanunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110, akawasha. Bendi ikacheza kama imetoka kula ugali wa mchana. Akamlaumu muuzaji wa sahani.

Transfoma inashusha volti, haigusi mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50, na mota nyingi za pleya za zamani hufuata zaidi mapigo kuliko volti. Kwa hiyo mashine ya Marekani ikifika Tabora inakwenda tano kwa sita ya mwendo wake. 78 inakuwa 65. 45 inakuwa 37 na nusu. Wimbo unashuka karibu nusu-toni tatu: uliopigwa B-flat unasikika G. Dawa ni kubadili puli ndogo ya mota iwe na kipenyo kilichozidi kwa sehemu moja ya tano. Fundi wa kerezo akipimiwa vizuri anaichonga kwa shaba. Pleya mpya zinazotumia mota ya betri, ile inayolishwa na adapta, hazina ugonjwa huu.

Namna ya kupima mwendo bila kifaa: bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sinia, kiguse kidole chako kila kinapopita, hesabu kwa dakika nzima huku sahani inapigwa. Huku inapigwa, nasisitiza, kwa sababu sinia tupu hudanganya. Kuna pia ile karatasi ya duara yenye mistari inayoonekana imesimama mwendo ukiwa sahihi. Kwa umeme wetu, duara la 78 liwe na mistari 77, la 45 mistari 133, la 33 mistari 180. Ukitumia karatasi ya Kimarekani yenye mistari 92, itasimama ukiwa kwenye 65, na utaapa kwamba umerekebisha. Halafu iangalie chini ya balbu ya zamani, yaani ile ya waya, au taa ya tubu. Taa nyingi za LED hazipepesi ipasavyo na mistari itacheza tu.

Sikio nalo linapima. Wapuliza tarumbeta na saksafoni hupenda funguo za B-flat, E-flat na F, kwa kuwa vyombo vyao vimeundwa hivyo. Nikimsikia Glenn Miller akitua kwenye A au E, najua mwendo una kasoro kabla sijahesabu chochote. Kinanda kidogo cha kwaya kinanitosha kuthibitisha. Mbinu hii usiitumie kwa bendi zetu za magitaa. Mpiga gitaa anakwenda anakotaka.

Ikiwa mwendo ni sawa mchana na unalegea saa mbili usiku, usifungue mashine. Volti imeshuka mtaani, kila mtu amewasha. Piga santuri zako alfajiri, au ukubali.

Ikiwa mashine inaanza kivivu kisha inachangamka baada ya robo saa, hiyo ni grisi ya miaka 50 iliyogeuka gundi. Toa sinia, safisha mhimili kwa petroli hadi chuma kionekane, kausha, weka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kula. Nimekuta mashine moja imetiwa mawese. Ilinukia vizuri ikiwaka, lakini haikuzunguka.

Na ukisikia "dum-dum-dum" ya haraka isiyolingana na 26, 15 wala 11, mtuhumiwa ni gurudumu la mpira linalosukuma sinia kwa ndani. Pleya ikiachwa miaka mingi swichi ikiwa imewashwa, mpira hubonyea pale ulipobanwa. Upitishe msasa laini ukiwa unazunguka, upate ngozi mpya na duara. Ukiwa umepasuka, tafuta mwingine.

Sauti inayumba kama mtu kwenye mtumbwi

Inapanda na kushuka, mara moja kwa kila mzunguko. Angalia mkono wa sindano: ukiwa unatikisika kulia na kushoto, tundu haliko katikati. Kwa 45 zetu hili ni la kawaida, kwa sababu nyingi zilibanduliwa kitovu ili ziingie kwenye mashine za baa, na sasa zinapigwa kwa kitovu cha kuchonga. Tengeneza kitovu kinachokaza. Kwa 78 yenye tundu lililolegea, isogeze kidogo kidogo kwa kidole hadi mkono utulie, kisha iache hapo. Dakika tatu zinapita, wimbo umekwisha.

Tarumbeta zikipanda, inakoroma

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo kero kuu ya sahani za bendi kubwa.

Unaanza wimbo vizuri. Saksafoni zinasema, mwimbaji anaingia, mambo shwari. Kisha wote wanasimama kwa pamoja kwenye kiitikio cha mwisho, na badala ya shaba inayong'aa unapata sauti ya gunia linaloburutwa. Watu husema sahani imekwisha. Huenda. Lakini kuna sababu nne, na tatu zinatibika.

Sababu ya kwanza ni jiometri. Kwenye ukingo wa sahani ya inchi 10, mzunguko mmoja ni njia ndefu. Karibu na lebo njia ile imepungua hata kufikia nusu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi ndogo, mawimbi yanasongamana, na sindano iliyochoka haiwezi kuyafuata. Sasa mpangaji wa muziki wa bendi kubwa aliweka moto wake wapi? Mwishoni. Sehemu yenye kelele kuliko zote imewekwa kwenye sehemu dhaifu kuliko zote ya sahani.

Sababu ya pili inafuata hapo hapo. Sindano ya chuma ya gramafoni huanza na ncha, lakini unga wa mawe ulio ndani ya sahani umewekwa makusudi kuisaga sindano ili ikae sawa na mfereji. Ndivyo ilivyoundwa. Baada ya upande mmoja, ncha ile imekuwa patasi. Sindano moja, upande mmoja, tupa. Najua sindano ni adimu, najua watu wanazinoa kwenye jiwe. Ukiinoa, unainunulia sahani kifo cha bei nafuu.

Sababu ya tatu ni kichwa cha gramafoni chenyewe. Ndani yake kuna ngozi ya maika au alumini iliyoshikwa na mipira miwili. Mpira ukiwa mgumu kama mfupa, ngozi hutetema na kubishana na kila tarumbeta. Kujua: vua kichwa, kitikise karibu na sikio, kisha gusa sindano kwa kidole ukikwaruza polepole. Kikivuma kama nyuki kwenye mzinga, badilisha mipira. Mimi nakata mpya kutoka mrija laini wa mpira wa duka la dawa. Wakati uko humo, kaza skrubu ya sindano. Mara moja nilifungua kichwa kizima, nikabadilisha kila kitu, kumbe skrubu.

Sababu ya nne ndiyo isiyo na dawa: mfereji umelika. Inamisha sahani chini ya dirisha. Ukiona mistari ya kijivu badala ya weusi, hasa upande wa ndani, chuma kimepita hapo mara nyingi. Lakini hata hapo kuna ujanja. Kuta za mfereji zililika pale sindano za zamani zilipoegemea. Sindano ya almasi iliyo nene kidogo au nyembamba kidogo inaegemea juu zaidi au chini zaidi, mahali ambapo hakuna aliyepita. Nimepata nusu ya muziki wa Ellington kwa njia hiyo, kutoka sahani ambayo muuzaji wa mnadani alikuwa anaitumia kufunikia ndoo.

Mchanga mchanga, tangu mwanzo hadi mwisho

Ikiwa sahani ni chafu, ioshe, na nitasema namna. Lakini kwanza tazama sindano. Mfereji wa 78 ni mpana. Unataka sindano ya kama mikroni 65 hadi 75. Ya sahani za plastiki ni kama 18 hadi 25. Ukiipeleka nyembamba kwenye 78, inazama chini kabisa ya mfereji na kuvuruga vumbi badala ya kusoma kuta. Vichwa vya zamani vingi vina kijiti cha kugeuza, upande mmoja 78, mwingine LP, yaani zile za plastiki. Geuza. Nimewahi kulipwa soda kwa kazi hiyo.

Kitu kingine ambacho hakigharimu: sahani hizi zilirekodiwa njia moja, mwendo wa sindano ukiwa wa kando kwa kando. Kichwa cha stereo kinasoma pia wa juu na chini, ambako hakuna muziki, kuna takataka tu. Unganisha kushoto na kulia viwe kimoja na takataka nyingi zinafutana.

Ikiwa sahani ni ya Marekani ya 1942 hadi mwisho wa vita, teremsha matumaini. Laki ilikuwa inatoka India, vita vikabana, serikali ikaweka mgao, na viwanda vikasaga sahani kuukuu kutengeneza mpya. Mchanga ule umezaliwa nao. Kuosha hakutautoa.

Kuosha kwenyewe: maji yaliyotoneshwa (yale ya kuongezea kwenye betri), matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, brashi laini. Hapa pana mtego. Dukani ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Sema unataka ya kuongezea, soma chupa. Funika lebo kwa mfuniko wa kopo wenye ukingo wa mpira. Sugua kufuata mfereji, suuza, usiloweke. Zile zenye karatasi ndani, kama nyingi za kampuni ya Columbia, zikiwa na ufa hunywa maji na kuvimba. Kausha mara moja kwa kanga kuukuu. Hakuna kitambaa cha dukani kinachoishinda kanga iliyofuliwa miaka kumi. Simamisha kivulini.

Ukungu mweupe, ambao karibu kila sahani ya Kigoma na Ujiji inakuja nao kwa unyevu wa ziwa, upanguse nje ya nyumba kwanza, umejifunga kitambaa puani, ndipo uoshe. Na mfuko wa karatasi wa zamani uchomwe. Ukiirudishia sahani safi humo, umefanya kazi bure.

Kuna mweupe mwingine ambao si ukungu. Ukikuta sahani ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi, mara nyingi yenye tundu la ziada karibu na katikati na lebo iliyoandikwa kwa mkono, na juu yake kuna mafuta mafuta meupe, iache. Ni sahani iliyokatwa moja moja, studio au redioni, na tabaka lake linakufa lenyewe. Haina ndugu duniani. Usioshe, usipige, usijaribu kuona tu ina nini. Itie kwenye karatasi safi na umtafute mtu mwenye vifaa vya kuinakili.

Inaruka, au inarudia neno

Nilimkuta bibi mmoja Ujiji, ana radiogramu ya miguu minne na kabati la 45 za Kongo ambazo sikulala usiku ule kwa kuziwaza. Juu ya kichwa cha sindano palikuwa na sarafu.

"Shikamoo bibi. Hii shilingi ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Bila shilingi haiimbi."

Shilingi inafanya kazi, ndiyo tatizo lake. Inailazimisha sindano ibaki mferejini kwa kuulima. Kichwa cha plastiki kinataka gramu mbili tatu, cha 78 tatu hadi tano. Niliinua mkono wa pleya ile: ulikuwa mzito kugeuka, grisi imeganda kwenye egemeo. Nikasafisha, nikaweka tone la mafuta ya cherehani, nikaiweka meza sawa kwa kutumia bakuli la maji juu yake, nikatoa shilingi. Ikaimba. Bibi aliirudisha shilingi mfukoni na kunitazama kama niliyemwibia.

Kwa hiyo: meza kuwa sawa, egemeo kulegea, sindano kuwa safi, uzito kuwa wa kipimo. Zikiwa sawa zote na bado inaruka mahali palepale, ni mkwaruzo, na sindano nene kidogo mara nyingi inauvuka.

Imepinda

Bati la Tabora mwezi wa 10 ni tanuri, na sahani zilizolazwa darini zinatoka kama chapati. Laki huanza kulegea kwenye joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida, na joto hilo hilo linaweza kuinyoosha. Vioo viwili vinene, sahani iliyooshwa katikati (vumbi likibaki, kioo kitalichapa mferejini), weka juani asubuhi, chungulia kila dakika chache. Ikilala, hamisha vyote kivulini bila kufungua, weka kitabu kizito, subiri hadi jioni. Anza na sahani usiyoijali. Plastiki mimi siifanyii hivyo. Sijaridhika na matokeo hata mara moja.

Gramafoni ya hendeli

Ikipiga kishindo ndani ya sanduku kila baada ya muda, springi kuu imekauka grisi na mapindo yake yanaachiana kwa nguvu. Ikilegea katikati ya wimbo, hukutia ufunguo wa kutosha, au springi imechoka. Kuitoa springi si kazi ya kujifunzia peke yako sebuleni. Imejikunja kwa nguvu ya kukata vidole, na hutoka yote kwa mpigo. Mpe anayeijua, au ukae naye mara ya kwanza.

Baada ya kupona

Rekodi mara moja ukiwa nayo safi mezani. Kwenye kompyuta natumia Audacity, ni ya bure. Nahifadhi nakala mbichi, biti 24, kabla ya kugusa kidoko hata kimoja. Kisha kwenye nakala ya pili naondoa vidoko na ninasitasita sana kwenye kupunguza mchanga, kwa sababu chombo kile kinakula matoazi kwanza na bendi inabaki kama imefungiwa kwenye pipa. Kwa sahani zetu hili lina uzito wake. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 hadi 1983, viwanda vya kuchapa vilikuwa ng'ambo ya pili, kaseti zikachukua nafasi. Sehemu kubwa ya tulizo nazo ni za kabla ya hapo.

Zihifadhi zimesimama wima, zisiegemee, ndani ya karatasi tupu isiyo gazeti. Miguu ya kabati ndani ya makopo ya oili chafu, maana mchwa wa huku hawabishi hodi, na mende hupenda gundi ya lebo kuliko mkate. Juu ya kila mfuko naandika kwa penseli. Ile ya Ellington niliyoiokoa kwenye ndoo inasema: "78, sindano nene, vidoko upande B kuanzia dakika ya pili, mwisho inakoroma, isipigwe kwa chuma."